Mbung'o Walienea, Si "Wadudu Walienea"

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Ninaandika riwaya kuhusu visiwa vya Buvuma, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, wakati wa malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na nzi mbung'o, miaka ile watu walipohamishwa. Niliandika "mbung'o zilienea ufukweni". Rafiki yangu akanisahihisha: "mbung'o walienea". Mwingine akaniambia nisijisumbue, niandike "wadudu walienea", ubishi uishe. Nimfuate yupi? Halafu, mbung'o huuma au hung'ata? Msomaji wako, Jinja.

JIBU: Mfuate wa kwanza. Mbung'o ni kiumbe hai, na katika Kiswahili sanifu viumbe hai huchukua a- na wa-, hata pale jina lenyewe lisipobadilika kutoka umoja hadi wingi: mbung'o ameuma, mbung'o wameuma, siafu amepita, siafu wamepita. Hiyo "zilienea" yako najua ilikotoka. Kwa Luganda nyuki ni enjuki, na enjuki huja na zi- bila kosa lolote, kwa hiyo Mganda anayesema "nyuki zinauma" amekuja na sarufi ya kwao. Sokoni Owino, Kampala, simsimamishi mtu kwa hilo, na mvuvi ndani ya riwaya yako aseme apendavyo. Msimulizi wako aseme "walienea".

Hilo limekwisha. Mwenye kesi na mimi ni huyo mshauri wa pili.

"Wadudu walienea." Sentensi hii nakutana nayo katika miswada mingi mno ya riwaya za kihistoria, na kila nikiiona napandwa na hasira. Neno lenyewe halina kosa. Shina -dudu ni la siku nyingi, limetuzalia mdudu, kidudu, dudu na madudu, na wazee wakatuachia "dudu liumalo usilipe kidole". Kosa ni la mwandishi anayejificha nyuma yake. Ameogopa upatanisho, au hajui jina la kiumbe anachokiandikia, au hakujishughulisha kuuliza, basi anatupa "wadudu" na kusonga mbele. Msomaji anabaki na ukurasa usio na mahali wala mwaka.

Chukua huyo mbung'o wako. Akitua, mbawa zake hulaliana moja juu ya nyingine kama makasi yaliyofungwa. Kwa mbu, jike peke yake ndiye mnyonya damu. Kwa mbung'o, dume na jike wote wanakunywa. Tena hatagi mayai. Jike huzaa buu mmoja kwa wakati, humwacha penye udongo wenye kivuli, na buu hujichimbia chini mpaka atoke akiwa nzi kamili. Ndiyo sababu anapenda vichaka vya ukingoni mwa ziwa, palepale ambapo wanawake waliteka maji na wavuvi walivuta mitumbwi yao. Mwandishi akishayajua haya, kila safari ya mtungi kwenda ziwani inabeba hofu ambayo hakulazimika kuitaja. Ukiandika "wadudu", yote haya yamepotea.

Na tazama kilichotokea. Mwaka 1901 madaktari ndugu wawili wa hospitali ya Mengo, Kampala, Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake wakaonyesha kwamba mbebaji ni mbung'o. Katika miaka hiyo watu zaidi ya 200,000 walikufa Busoga, visiwani na kando ya ziwa upande wa Buganda. Gavana Hesketh Bell akaamuru watu waondolewe ukingoni, visiwa navyo vikafuata, Buvuma yako ikiwemo. Amri nzima ilisimama juu ya nzi mmoja anayejulikana kwa jina na kwa makazi yake. Wangekuwa "wadudu" tu, mtu angehamishiwa wapi? Bara nako kuna wadudu. Riwaya yako inahusu watu waliotolewa makwao kwa sababu ya kiumbe huyu na si mwingine, halafu mtu anakushauri umfiche jina!

Wapo watakaomtetea: mwaka 1901 mwanakijiji alikuwa hajui chanzo cha malale, kwa hiyo "wadudu" ndiyo inamfaa. Si kweli. Watu wa ziwa walimjua nzi huyo vizuri sana na kwa Luganda walimwita kivu. Walichokuwa hawakijui ni hatia yake. Tofauti hiyo ndiyo dhahabu ya mwandishi: mhusika anampiga kivu kofi shingoni, anamtaja kwa jina, anaendelea na maongezi, na msomaji anajua asichokijua mhusika. Ila usimruhusu mhusika wa 1901 amlaumu mbung'o kwa malale. Huo ungekuwa uongo wa aina nyingine.

Na uandike ng' pamoja na alama yake. Mbungo bila alama ni mmea unaozaa mabungo. Nimekwisha kusoma mswada ambamo kijiji kizima kiliteketezwa na matunda.

Kuna pia jina linalowekwa mahali ambapo kiumbe chenyewe kilikuwa hakijafika. Hapa mfano wangu ni funza, na nitaurudia mpaka usikike. Waandishi wanapenda kumweka mtumwa au mpagazi mbele ya Mutesa wa Kwanza, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, huku vidole vyake vimeharibiwa na funza. Mutesa alifariki 1884. Funza huyu wa miguuni asili yake ni Amerika ya Kusini. Habari inayosimuliwa siku zote ni kwamba mwaka 1872 alishuka Ambriz, Angola, ndani ya mchanga wa meli iliyotoka Rio de Janeiro, kisha akalivuka bara pamoja na misafara. Huku kwetu alifika miaka ya mwanzo ya 1890, Mutesa akiwa kaburini Kasubi. Kinachowapotosha waandishi ni jina. Neno funza lilikuwepo kabla yake, likimaanisha buu wa nyama iliyooza au wa mahindi, na mgeni alipokuja akapewa jina lililokuwa tayari. Waganda nao wanamwita envunza. Kwa hiyo "funza kwenye nyama" mwaka 1875 ni sawa. "Funza kwenye kidole" mwaka 1875 ni kosa, na mhariri anayelipitisha amelala. Ukitaka kumtofautisha kabisa yule wa miguuni, Kiswahili kina tekenya, jina linalotokana na ule mwasho wenyewe kabla ya jike kuvimba kwa mayai na sindano kutafutwa.

Sasa ingia kitandani mwa mpagazi. "Mdudu alimuuma usiku." Nani huyo? Kunguni hukaa kwenye mishono ya godoro na nyufa za kitanda, kwa hiyo mhusika wako ana kitanda. Chawa wa mwilini hukaa kwenye pindo za nguo, kwa hiyo ana nguo asizozivua wala kuzifua. Kiroboto huruka kutoka kwa mbwa au panya, na akitoka kwa panya wanaokufa, tauni iko mlangoni. Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, hutoka giza likiingia, hunyonya akaondoka, na homa yake humrudia mtu kila akidhani amepona. Mwaka 1904 madaktari Ross na Milne waliieleza homa hiyo hapahapa Uganda. Mpagazi aliyelala katika vibanda vya kambi za zamani njiani alikuwa na kila sababu ya kumwogopa papasi. Majina manne, maisha manne tofauti, na mwandishi kaandika "mdudu".

Senene nisimsahau, maana kuna wanaoandika kwamba Waganda hula "nzige" kila Novemba. Nzige ndiye anayeangamiza shamba. Senene ana papasio ndefu, huja na mvua, na Waganda wameuita mwezi wa 11 Museenene kwa ajili yake. Wapo pia wa ukoo wa Nsenene. Senene akitajwa kwenye sura yako, huhitaji kuandika tarehe.

Wengine wananiuliza kama buibui, nge na kupe waitwe wadudu wakati wana miguu minane. Kwenye darasa la sayansi, hapana. Kwenye riwaya sina ugomvi, neno letu ni pana kuliko la wanasayansi na limekuwa hivyo siku zote. Ninachoomba ni buibui aitwe buibui.

Basi, dada, rudisha mbung'o wako, mpe wa- yake, na huyo mshauri wa pili mwambie nimekataa.

Kuhusu kuuma na kung'ata: mbung'o hana taya za kung'atia, ana mrija anaouchomeka kwenye ngozi, kwa hiyo huuma. Siafu ndiye hung'ata, taya zake unaziona, na wakati mwingine ukimbandua kichwa hubaki kwenye ngozi. Kwa siafu ukiandika "huuma" pia sitakusahihisha. Kwa mbung'o ukiandika "hung'ata" nitakusahihisha.