Bima ya Mkopo Ambayo Sikuiomba

SWALI: Mwaka 2006, nikiishi London, nilikopa benki. Juzi, katika karatasi zangu za zamani, nimeona nilikatwa kila mwezi bima ya kulinda marejesho ambayo sikuiomba. Je, naweza kudai?

JIBU: Pole sana, dada. Ulidhulumiwa, lakini mlango wa kulalamika kwa wakopeshaji wa Uingereza ulifungwa tarehe 29 Agosti 2019, isipokuwa kwa aliyezuiwa na sababu nzito, kama vile ugonjwa. Imebaki mahakama: mwaka 2014, katika kesi ya mkopaji aitwaye Plevin, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumficha mkopaji kamisheni kubwa iliyokatwa kwenye bima yake, ambayo kwa Plevin ilifika asilimia 71.8 ya malipo ya bima, si haki. Hata hivyo, muda wa kushtaki, ambao kwa kawaida ni miaka 6, huhesabiwa tangu uhusiano wa mkopo ulipokwisha. Basi tafuta kwanza tarehe uliyomaliza kulipa, na usimpe wakala yeyote wa kudai fidia hata senti kabla ya hapo.