Kamera Yangu Inaona Ua wa Jirani, na Askari Anataka Picha

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Niko Ujiji, Kigoma. Baada ya kuibiwa betri ya sola nimefunga kamera nne. Ya kona ya nyuma inaona ua wa jirani mpaka mlango wa bafu lao, naye kalalamika. Tena askari anayepeleleza wizi wa pikipiki wa juzi anataka picha zangu za wiki nzima. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Kulinda mali yako ni haki yako. Geti na barabara havina neno. Tatizo ni ule ua. Amepokea Sahl bin Saad, kwa Bukhari na Muslim, kwamba mtu alichungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.) akiwa anajikuna kichwa kwa kitana cha chuma. Mtume akamwambia angalijua anatazamwa angemchoma nacho jichoni, kwani idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Yule alichungulia mara moja; mashine yako inachungulia usiku kucha na kuhifadhi. Ibara ya 16 ya Katiba nayo inalinda faragha ya mtu na maskani yake.

Usitegemee kile kiboksi cheusi cha kuziba eneo kwenye menyu ya DVR, ile mashine inayorekodi picha za kamera. Jirani hakioni, na mwenye nywila hukiondoa mara moja. Ishushe kamera chini ya usawa wa ukuta, uigeuzie mlango wako. Lenzi ya milimita 2.8 huchukua upana mkubwa. Ya 6 inatosha mlango mmoja. Isibanane na ukuta mweupe, mwanga wake wa usiku utarudi na picha itakuwa nyeupe tupu. Zima maikrofoni, kisha mwite jirani aione skrini mwenyewe.

Askari usimnyime: Al-Baqara 283 inakataza kuficha ushahidi. Lakini wiki nzima ina mambo ya watu wengi, na Al-Hujurat 12 inakataza kupelelezana. Muulize namba ya RB (ile ya taarifa iliyoandikishwa polisi), siku na saa ya tukio, umpe kipande hicho cha kamera ya barabarani. Aking'ang'ania zote, aje na hati. Fanya hima, maana diski ya tera 1 kwa kamera nne huandika juu ya picha za zamani, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Kwanza linganisha saa ya DVR na ya simu. Kibetri cha ndani cha DVR kikifa, umeme ukikatika saa huruka, na mpita njia ataonekana alikuwepo saa ya wizi. Nakili kwenye flashi, mkabidhiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Baada ya hapo futa zote za ua wa jirani.

Wala usikirushe kipande hicho kwenye grupu la WhatsApp la mtaa ukiandika "mwizi huyu". Watu wakimpiga kabla ya kuthibitika, nawe una sehemu katika dhuluma hiyo.

Wallahu a'lam.