Kuhusu Vicarius Filii Dei na 666

Wapo wanaodai kuwa Papa ana cheo cha “Vicarius Filii Dei” (Wakili wa Mwana wa Mungu), na kwamba herufi zake zikijumlishwa kama namba za Kirumi zinafika 666, namba ya mnyama katika Ufunuo. Hapana, hicho si cheo rasmi cha Papa. Vyeo vyake huchapishwa kwenye Annuario Pontificio, kitabu cha mwaka cha Vatikani, na kilichomo ni Wakili wa Yesu Kristo, kwa Kilatini Vicarius Iesu Christi. Kijumlishe kwa namba za Kirumi unapata 220. Aliyekipa uzito hasa ni Papa Inosenti III (1198–1216), na maana yake ni anayeliongoza Kanisa kwa niaba ya Kristo, si mbadala wake. Toleo la 2020 la kitabu hicho lilikiorodhesha chini, pamoja na vyeo vya kihistoria.

Ila wanaodai hawajalitunga jina lenyewe. “Vicarius Filii Dei” limo kwenye Hati ya Konstantino, iliyodaiwa kuwa ya Kaisari Konstantino akimpa Papa mamlaka na mali, tena linamhusu Mtume Petro. Hati hiyo ni ya kughushi, ya karne ya 8 hivi, na Lorenzo Valla, padre Mkatoliki, aliiumbua mwaka 1440. Herufi za jina hilo kweli zinafika 666, lakini ukitafuta kwa bidii utapata majina mengi tu yanayofika hapo.