Je, ni lazima nisakinishe programu ndipo nipate faili?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Walimu wenzangu hunitumia viungo vya mitihani ya miaka iliyopita waliyoihifadhi katika tovuti moja ya kushirikishana mafaili. Nikifungua kiungo kwa kompyuta ya shule, mtihani hupakuliwa mara moja. Nikikifungua kwa simu, tangazo hujaa kioo kizima likinitaka nisakinishe kwanza programu ya tovuti hiyo, na hata nikilifunga hurudi. Je, ni kweli kwamba kwa simu faili halipatikani bila programu? Na nikikubali, kuna hatari gani?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu wetu, ikiwa kompyuta ya shule inapakua mtihani uleule bila programu yoyote, basi faili lipo tayari kwenye seva, yaani kompyuta ya tovuti inayohifadhi mafaili, na kinachokuzuia ni uamuzi wa wenye tovuti wala si upungufu wa simu yako. Kivinjari kinapoomba ukurasa, huieleza seva jina lake na mfumo wa kifaa kinachotumika. Seva ikitambua kwamba ni simu, huweza kutuma ukurasa mwingine ambao kitufe cha kupakua kimefichwa, au kimesogezwa chini kabisa kwa maandishi madogo. Ukitumia Chrome, gusa nukta tatu zilizo pembeni, chagua kuonyeshwa tovuti kama ionekanavyo kwenye kompyuta, kisha ufungue kiungo upya. Mara nyingi hilo hutosha.

Wenye tovuti husisitiza programu kwa sababu mgeni wa kivinjari huchukua faili lake akaondoka, ilhali programu hubaki ndani ya simu, ikatuma arifa, ikaonyesha matangazo, na ikaweza kuomba ruhusa ya kuzifikia picha zako na orodha ya watu uliohifadhi namba zao. Kwa maoni yangu, kumfichia mtu kitufe ili akubali asichokihitaji ni kumdhulumu, hasa anayenunua bando dogo dogo, kwani programu yenyewe inaweza kumla MB nyingi kuliko mtihani anaoutafuta.

Hata hivyo, zipo programu za aina hii zenye kazi ya kweli. MEGA, huduma iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2013, huhifadhi mafaili yakiwa yamefungwa kwa usimbaji, yaani yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo, na kazi ya kuyafungua hufanyika ndani ya kifaa cha mtumiaji. Kwa hiyo faili kubwa sana huweza kukilemea kivinjari cha simu, na hapo programu husaidia. Mtihani wa kurasa chache haufiki huko.

Kuhusu hatari, jambo la kuangalia kwanza ni mahali programu inapotoka. Ile iliyomo Play Store imepita angalau katika ukaguzi wa Google, ingawa bado inafaa usome ruhusa inazoomba na kuzikataa zisizohusiana na kupakua. Hatari kubwa zaidi ni ukurasa unaokuletea programu moja kwa moja, kwa sababu katika tovuti hizi matangazo ya watu wengine hutengenezwa yafanane na kitufe cha kupakua. Tazama mwisho wa jina la faili: ulitarajia PDF, ukaletewa linaloishia kwa .apk, yaani faili la kusakinisha programu ya Android, lifute bila kulifungua. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya duka hutolewa kwa kila programu peke yake. Ikiwa uliwahi kukipa kivinjari chako ruhusa hiyo, ingia kwenye mipangilio ya simu uiondoe leo. Na programu yoyote ya mafaili ikikuomba huduma za ufikivu, zilizokusudiwa kuwasaidia wenye ulemavu, ikatae kabisa, maana kwa huduma hizo huweza kusoma yaliyo kwenye kioo na hata kubonyeza kwa niaba yako.

Kwa mitihani yenu, waombe wenzako waitume kwa barua pepe, kwani Gmail huruhusu kutuma viambatisho hadi MB 25, au kama nyaraka kwa WhatsApp.