Menengai: Piga Hesabu ya Kupanda Kabla Hujashuka

Wengi wanaotaka kwenda kukimbia Menengai, kreta ya volkano karibu na Nakuru, Kenya, huuliza kwanza habari za nyoka. Nyoka wapo, lakini kinachowakwamisha watu hasa ni mteremko. Ukingo wa kreta unafika mita 2,278, na kuna mahali kuta zinashuka karibu mita 500. Unateremka asubuhi kuna baridi, miguu mizima, chupa haijaguswa. Kupanda kunakukuta jua likiwa utosini, na huko chini hakuna mto wala bomba.

Kwa hiyo ukishuka kwa dakika 40, tenga angalau mara mbili yake za kurudi. Beba lita mbili za maji, na ukishakunywa theluthi moja, geuza. Hata kama umebakisha kidogo tu kufika ulikokusudia.

Mawe ya volkano ni makali na mengi hayajashikana. Nyasi nazo huficha mianya. Piga hatua fupi, macho mita tatu mbele. Ukiona mvuke, usikanyage udongo laini ulio karibu nao, maana tabaka la juu huweza kuwa jembamba na chini yake panachoma.

Ukiteguka kifundo cha mguu na safari bado ipo, usivue kiatu: mguu ukivimba hakitaingia tena. Zungushia bendeji ya kuvutika juu ya kiatu, ukipitisha chini ya wayo na kupishanisha mbele ya kifundo, kisha tembea. Usijaribu kukimbia.

Kwa bafe, yule nyoka mnene mwenye sumu, habari ya kiatu ni kinyume. Huyu hakimbii akisikia vishindo. Hulala tuli njiani, rangi yake ikifanana na majani makavu. Akikuuma mguuni, vua kiatu na soksi mara moja kabla ya uvimbe. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Funga mguu kwenye kijiti usitikisike, ubebwe hadi hospitali.

Mawingu yakijikusanya mchana, ondoka ukingoni. Radi hupenda sehemu zilizoinuka, na mti uliosimama peke yake si kinga.

Mtandao huko chini si wa kutegemea. Kabla ya kuteremka, mtumie mtu wa nyumbani ujumbe: njia utakayofuata, saa ya kurudi, na saa ambayo asipokusikia apige 999 au 112. Filimbi iwe shingoni, si ndani ya begi. Ukikwama, puliza mara tatu, nyamaza dakika moja usikilize, rudia.