Picha nyingi kuwa moja: umwambie nini mpiga picha

Dada, umeuliza umwagize nini mpiga picha hapo Goma ili picha za arusi ziwe moja. Ukitaka zipangwe kando kando, kila moja na mpaka wake, hiyo ni kolaji. Hata simu inaifanya. Lakini kumweka babu aliyebaki Bukavu katikati ya familia, omba fotomontaji, yaani vipande vya picha mbalimbali vinaunganishwa vionekane picha moja. Kazi hiyo ni ya zamani: mwaka 1857, Uingereza, mpiga picha Oscar Rejlander aliunganisha negativu (picha hasi za kusafishia picha) zaidi ya 30 kuwa picha moja. Chagua picha ya babu yenye mwanga wa upande uleule, la sivyo ataonekana amebandikwa. Panorama, ile picha pana inayopigwa kwa kuzungusha kamera, iachie mlima Nyiragongo na ziwa: mtu akisogea kidogo tu, anatoka na mikono mitatu.