Jirani anapata 4G, mimi H tu

SWALI: Hapa Ujiji, Kigoma, jirani yangu anapata 4G. Simu yangu inasoma H, na mtandao wetu ni mmoja. Nisubiri mnara mwingine?

JIBU: Usisubiri, ndugu. H ni 3G, na 4G mnarani ipo tayari. Kwenye mipangilio ya simu, chagua 4G/3G/2G. Simu ya laini mbili? Hamishia laini tundu la kwanza. Nyingi za zamani hutoa 4G tundu moja tu.

Ikigoma, weka laini yako kwenye simu ya jirani. Isiposoma 4G, laini imepitwa na wakati: nenda duka la mtandao wako na namba ya NIDA, upige alama za vidole, ubadilishiwe, namba yako inabaki. Ikisoma, tatizo ni simu. Huenda haina masafa ya mnara huo, kama zilivyo nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinazokosa 800 MHz, na hapo hakuna mpangilio utakaosaidia.